Neno la Chuo

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili nilipopewa darasa langu la kwanza, na kila mwanafunzi aliyekaa mbele yangu alikuwa ananizidi umri. Hiyo ilikuwa Makindu, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikakaa nyumbani miaka mitatu nikichunga mbuzi wa mama na kungoja barua za kazi ambazo hazikuja. Serikali ilipoanza kutafuta walimu wa watu wazima, nilijiandikisha siku ileile niliyosikia. Walitupa mafunzo ya wiki mbili, boksi la chaki, rejista, na kibanda cha mabati nyuma ya soko, karibu na reli. Masomo yale watu waliyaita ngumbaru, na walipoyataja walicheka kidogo, hata wale ambao hawangeweza kuandika majina yao.

Tulisoma kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi. Wanafunzi walikuwa akina mama wa Kikamba kama mimi, wauza nyanya na mbaazi, waliokuja na vikapu vyao wakiendelea kusuka huku wakitamka a, e, i, o, u. Mwanamume alikuwa mmoja tu.

Alikuwa fundi cherehani. Babu yake alitoka pwani wakati reli inajengwa, akabaki hapo, na ukoo ukabaki, lakini Kiswahili chao hakikubadilika. Sisi tulisema "hii kitabu" na "ile watu", naye alisema kila neno kana kwamba amelipiga pasi kwanza. Mkewe alikuwa amefariki. Alikuwa na mtoto mmoja, binti, aliyekuwa akisomea ualimu katika chuo kimoja mbali na kwetu. Duka lake la ushonaji lilitazamana na msikiti mdogo, na asubuhi ukipita ungemkuta ameweka miwani puani, mguu kwenye pedeli, na daftari limefunguliwa mezani.

Lile daftari nililiona siku ya kwanza aliyokuja kujiandikisha, maana alilibeba kwapani. Ndani yake mlikuwa na vipimo vya wateja wake wote, kiuno, kifua, urefu wa mkono, na chini ya kila kipimo maelezo marefu. Yote yalikuwa katika herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, safi kama zimechapwa.

"Hiki ni Kiarabu?" nilimuuliza.

"Ni Kiswahili, mwalimu. Nguo tu ndiyo nyingine. Mwili ni uleule."

Katika rejista palikuwa na safu iliyouliza kama mtu anajua kusoma. Niliinua kalamu, nikaishusha. Mkaguzi aliyetufundisha zile wiki mbili alikuwa ametuambia herufi nyingine zozote hazihesabiwi. Basi niliandika: Hapana. Mzee aliniangalia nikiandika. Wakati huo hakuweza kulisoma neno lile, lakini nadhani aliliona usoni mwangu.

"Usijali," alisema. "Mimi ni mjinga kwelikweli. Unajua maana ya mjinga kwa wazee wetu? Ni mgeni. Mtu aliyefika mahali na bado hajapazoea. Mimi ni mgeni wa herufi zenu."

Aliniambia sababu ya kuja. Binti yake alikuwa akimwandikia kwa herufi za Kiarabu, kama alivyomfundisha yeye mwenyewe akiwa mdogo. Lakini kila mara alipokwenda kumtembelea chuoni, ukutani palijaa matangazo na ratiba na majina, naye alisimama mbele yake kama kipofu. "Mtoto atakuwa mwalimu," alisema, "na baba yake anasomewa ubao na askari wa getini. Hapana."

Alikaa benchi la dirishani, na kuanzia siku hiyo darasa halikuwa langu peke yangu. Niliandika neno ubaoni, yeye akainua kidole na kutuambia lilikotoka. Hakufanya hivyo kwa majivuno. Alikuwa kama mtu anayeona jamaa zake wakipita barabarani na hawezi kuwaacha wapite bila salamu.

"Elimu," nilisoma.

"Hilo lilitoka Uarabuni. Na mwalimu ni nduguye. Na taaluma. Na alama ile unayotupa kwenye daftari. Wote tumbo moja."

"Kitabu."

"Kitabu, katibu, maktaba, katiba. Tumbo moja."

"Na chaki?" akauliza mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi stesheni.

"Chaki ni Mzungu. Penseli, Mzungu. Rejista, Mzungu. Hao walishuka kwenye treni hapo nje."

Akina mama walipenda mchezo huo kuliko somo langu. Walianza kuleta maneno yao kutoka nyumbani. Sisi kwa Kikamba kitabu ni ivuku na shule ni sukulu, na siku waliyogundua kwamba maneno hayo, waliyodhani ni ya nyanya zao, na yenyewe yalikuwa ya Mzungu, walicheka hadi mmoja akaangusha kikapu. Kisha yule mama wa ndizi akauliza kwa sauti ya chini, kana kwamba anaogopa jibu, "Na kusoma je? Kusoma ni kwa nani?"

"Kusoma ni kwenu," mzee akamwambia. "Hilo hamkukopeshwa na mtu."

Alikuwa mwepesi ajabu. Mkono wake tayari ulijua kazi ya kuandika, ulihitaji tu kugeuzwa uelekee upande mwingine. Baada ya miezi mitatu alikuwa anasoma vibao vya maduka, karatasi za sukari, magazeti yaliyofungia nyama. Alimwandikia binti yake habari hiyo, kwa herufi zake za zamani, kwamba baba yake sasa anasoma ngumbaru, na kwamba mwalimu wake ni msichana Mkamba mwenye subira. Ninajua aliandika hivyo kwa sababu alinisomea barua kabla ya kuituma. Nilifurahi. Nilitaka yule msichana nisiyemjua anijue.

Barua ya majibu ilifika mwezi uliofuata. Ilikuwa siku ya jua kali, mabati yanalia juu yetu. Mzee aliingia akiwa amechelewa, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata mara moja, na badala ya kwenda kwenye benchi lake alikuja mbele, akasimama kando yangu. Mkono mmoja ulishika karatasi na mwingine ulishika sahani ya kaimati iliyofunikwa kitambaa.

"Mwalimu, naomba ruhusa. Nimeletewa barua kwa herufi hizi. Nimeisoma mwenyewe nyumbani. Nataka wenzangu waisikie."

Nikampa ruhusa. Nakumbuka nilijivuna. Nilisogea pembeni na kufunga mikono kifuani kama hedimasta.

Alisoma polepole, kidole chini ya mstari.

"Baba mpenzi. Natumaini hujambo. Nakuandikia kwa herufi zako mpya. Huku chuoni nimekuwa..." Akapumua. "Dis-kon-ti-nyu-edi. Tangu Ijumaa iliyopita. Najua utakuwa na mengi ya kusema. Tafadhali nijibu kama nije nyumbani ama nisije. Mwanao."

Akashusha karatasi. Uso wake ulikuwa unang'aa.

"Mwalimu, neno moja tu limenishinda maana. Hili la Kizungu. Ni cheti gani hiki? Ni kile cha mwisho, ama kuna kingine juu yake?"

Akanielekezea karatasi. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa duara, na neno lile lilikuwa limeandikwa kwa uangalifu kuliko mengine yote: discontinued. Amefukuzwa. Amekatizwa masomo. Miaka ile kila aliyepita sekondari alijua msichana wa chuo akifukuzwa ghafla hivyo ni kwa sababu gani, na sababu ilikuwa moja tu. Ana mimba.

Nilifungua mdomo. Akina mama walikuwa wananitazama, wametabasamu, wengine wameshaanza kuvuta pumzi ya kupiga vigelegele. Mzee alikuwa ananitazama. Mimi, msichana asiyeolewa, nimwambie mzee wa rika la baba yangu, mbele ya soko zima, kwamba mtoto wake ni mjamzito?

"Ni neno la chuo, mzee," nilisema.

"La elimu?"

"La elimu."

Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee akafunua sahani, akanipa kaimati ya kwanza mkononi. Ilikuwa bado ya moto. Niliila.

Nilijiambia nitamweleza kesho, tukiwa wawili, dukani kwake. Kesho yake nilikwenda asubuhi nikamkuta amesimama mlangoni na wateja wawili, akiwaambia kwamba binti yake amekuwa diskontinyu kule chuoni. Wale walikuwa watu wa mashambani, wakampa mkono na kumpongeza. Aliponiona alisema, "Nimeshamjibu! Barua imekwenda na basi la alfajiri." Nikauliza alimjibu nini. Akasema amemwombea dua na kumwambia asije nyumbani; alitaka abaki hukohuko amalize kila kitu, asikatize.

Nikageuka, nikarudi nyumbani.

Siku ya tatu alipika pilau na kualika darasa zima. Nilikaa mkekani pamoja na wenzangu, nikamega matonge madogo madogo. Mama wa ndizi aliniuliza kama ninaumwa. Nikasema ni jua. Mzee alipita na birika la maji, akatunawisha mikono mmoja mmoja kwa heshima zote, na alipofika kwangu alisema, "Mwalimu, haya yote ni kwa sababu yako."

Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Kila siku ukweli ulizidi kuwa mzito, maana sasa ningelazimika kumweleza na kwa nini nilinyamaza. Nilianza kuzunguka nyuma ya msikiti ili nisipite mbele ya duka lake. Darasani nilimwita jina kwenye rejista nikiwa nimeinamisha uso. Yeye aliendelea kuinua kidole na kutupa asili ya maneno, ila siku hizo aliuliza pia kama posta imefika. Haikufika.

Aliyemwambia alikuwa karani mmoja wa stesheni aliyekwenda kuchukua suruali. Sikuwapo, nilisimuliwa. Mzee alimwambia habari za binti yake kama alivyomwambia kila mtu, na karani akacheka, akacheka tena, kisha akaona uso wa mzee na akaacha kucheka. Akamweleza maana. Wanasema mzee alimaliza kumkunjia suruali, akaifunga kwenye gazeti, akampa na kumshukuru.

Saa nane alikuja darasani. Alikaa benchi lake. Nilikuwa nimeshasikia, soko zima lilikuwa limesikia, na akina mama hawakuinua macho kutoka kwenye vikapu. Niliita rejista. Nilipofika kwa jina lake hakusema "Nipo" kama kawaida.

"Mwalimu," alisema, "ulijua?"

Treni ya mizigo ilikuwa inapita nje, na nilitamani isiishe. Iliisha.

"Nilijua."

"Basi," alisema.

Hakuondoka. Hilo ndilo lililonishinda. Nilitarajia angesimama, angenitukana, angetupa daftari lake chini, na mimi ningelia na kuomba msamaha. Badala yake alifungua daftari, akashika kalamu, akasubiri. Nikageuka ubaoni. Sijui niliandika nini siku hiyo. Alinakili kila mstari mpaka saa kumi, akafuta kalamu kwa kitambaa, akaniaga vizuri, akaenda. Hakurudi tena.

Nilisikia amefunga duka na kupanda basi kwenda kule chuoni. Alikaa siku tano. Chuoni walimwambia binti aliondoka wiki chache zilizopita akiwa na sanduku moja, na hakuna aliyejua aelekeako. Alirudi Makindu na kufungua duka kama kawaida. Nilimwona kwa mbali, mguu kwenye pedeli. Mara mbili nilivuka barabara nikiwa nimekusudia kuingia. Mara ya kwanza kulikuwa na wateja. Mara ya pili hakukuwa na mtu, alikuwa peke yake, na aliinua uso na kunisubiri. Nikamsalimu, nikapita.

Alifariki katika mwaka ule wa njaa, wakati tulipokula mahindi ya manjano. Kifua kilimsumbua siku chache tu. Walimzika siku hiyohiyo kabla ya alasiri, kama desturi yao. Nilisimama mbali, kando ya mti wa mgunga, na akina mama wa darasa.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kunijia. Sisemi mzimu. Mama yangu alisema ni mzimu, akataka nipelekwe kwa mtu wa kuombea, nikakataa. Ilikuwa hivi: ninaandika ubaoni, mgongo kwa darasa, halafu ninajua kwa hakika kwamba nyuma yangu kuna kidole kimeinuliwa. Ninajua hata ni upande gani. Nikigeuka, naona akina mama na vikapu. Ikawa siwezi kuandika neno "elimu" bila kusimama katikati, nikingoja mtu aniambie nduguze. Nilipohamishiwa shule ya msingi nilidhani itaisha. Haikuisha. Watoto wale walinizoea, wakawa wananingoja nimalize kusikiliza.

Miaka saba baada ya ile barua, binti alikuja.

Ilikuwa mapumziko ya saa nne. Niliitwa ofisini, nikakuta mwanamke mrefu amejitanda leso, ameshika mkono wa msichana mdogo. Sikuhitaji kuambiwa. Alikuwa na pua ya baba yake.

"Wewe ndiye mwalimu mwenye subira," alisema. Haikuwa swali.

Tulitoka tukakaa nyuma ya madarasa, kwenye kivuli cha tangi la maji. Mtoto alikwenda kutazama wenziwe wakiruka kamba. Mwanamke alisema amefika Makindu jana, na kwamba ameambiwa msikitini kuhusu baba yake. Alisema hayo bila machozi. Alikuwa ameshalia kwingine.

"Nataka kujua jambo moja," alisema. "Baba yangu alinichukia?"

"Hapana! Kwa nini akuchukie?"

Akaniambia. Aliandika ile barua akiwa kwa rafiki, siku tatu baada ya kufukuzwa. Alijaribu kwanza kuandika kwa herufi za baba yake, lakini mkono ulikataa. Ni herufi alizofundishwa nazo kuandika jina la Mungu, na hakuweza kuandika nazo jambo lile. Ndipo akakumbuka kwamba baba anasoma ngumbaru.

"Nikajua hawezi kuelewa neno lile peke yake. Nikajua atakuletea wewe. Nikasema, huyo ni mwanamke, ni msichana kama mimi, atamweleza taratibu." Akamtazama mtoto wake. "Kisha nikapata majibu. Mistari mitatu. 'Alhamdulillahi kwa uliyoyapata. Mwenyezi Mungu akuzidishie yaleyale. Usije nyumbani.' Mwalimu, nilidhani ananiapiza. Maisha yangu yote hakuwahi kuniapiza, na siku hiyo aliniapiza kwa mwandiko mzuri."

Kengele ililia. Watoto walirudi madarasani, na yule mtoto wake akabaki uwanjani peke yake, ameokota kamba.

Nilimweleza yote. Sikuacha kitu. Nilimwambia kuhusu kaimati, pilau, maji aliyonimwagia mikononi. Nilimwambia alidhani ni cheti. Nilimwambia jinsi alivyosimama mbele ya darasa na furaha aliyokuwa nayo, na kwamba aliulizia posta kila siku, na kwamba alipojua alikwenda kumtafuta siku hiyohiyo. Nilipofika mahali pa kusema "Ni neno la chuo, mzee", niliyarudia maneno hayo mara mbili.

Alinisikiliza akitazama chini. Nilipomaliza alikunja na kukunjua pindo la leso yake, hadi mwalimu mwenzangu akaja kuchungulia kama kuna tatizo.

"Kwa hiyo alifurahi," alisema mwishowe.

"Alifurahi sana."

"Siku ngapi?"

Nilihesabu. "Kama wiki tatu."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea kitu na kukipima uzito. Sikujua kama alikuwa ananilaumu ama ananishukuru, na mpaka leo sijui. Aliniomba nimpeleke makaburini. Nikaomba ruhusa kwa hedimasta, tukaenda watatu. Nilimwonyesha kaburi kutoka ukingoni, akasogea na mtoto, wakasimama. Alisoma dua kwa sauti ndogo, na mtoto akaitikia amina mahali panapostahili, kwa hiyo nikajua kwamba huko alikokuwa, pamoja na yote, alimfundisha.

Hakuondoka Makindu. Alifungua duka la baba yake, akapangusa cherehani, akaanza kushona sare za shule. Aliishi hapo miaka yote ya tisini, nami nikaishi hapo. Mtoto wake nilimfundisha darasa la nne na la tano, akapita vizuri. Sikukuu ya Idi sahani ilikuja kwangu, na Krismasi sahani ilikwenda kwao. Tulisalimiana kila asubuhi. Jambo lile hatukuligusa tena. Wakati mwingine nilikwenda kuchukua nguo na kumkuta ameinamia kitambaa, pini mdomoni, na nilisimama pale mlangoni nikisubiri atoe zile pini, nikidhani leo atasema. Alitoa pini moja baada ya nyingine, akazichoma kwenye kijimto chake, akaniuliza mikono naitaka mirefu ama mifupi.